Kipande cha Utepe Chini ya Mota

Tima mwanangu,

Ndani ya ile mashine kubwa uliyoifunga kwa blanketi na kamba asubuhi ya leo, chini ya mota, kuna kipande cha utepe nilichokificha kabla hujazaliwa. Nimekizungusha kwenye kijiti cha kiberiti na kukifunika kwa karatasi ya nailoni. Ukifungua mfuniko wa nyuma utakiona. Kina sauti ya Salim, mwanamume aliyekuwa mume wa mama yako kabla yangu. Nilikikata mimi, kwa wembe. Hilo ndilo jambo la kwanza nililokuficha. Lipo la pili, nalo nitalifikia nikijaliwa nguvu.

Nakuandikia alasiri hii kwa kuwa umekwenda Mtongwe kuwaaga shangazi zako, na najua hawatakuachilia mpaka uwe umekula kwa kila mmoja. Mashine zako mbili ziko pale mlangoni zimefungwa, na kila nikiinua macho naziona kama maiti mbili zinazosubiri wachukuzi. Ninasema hivyo si kukutisha. Ni kwamba leo hakuna kitu katika nyumba hii kinachonitazama vizuri.

Sitakuandikia habari za chakula, wala za kodi, wala za watu wa kukaa nao huko Nakuru. Wewe ndiye uliyenilea miaka hii ya mwisho. Ningekuwa na haya kukufundisha kupika wali. Nitakuandikia juu ya mashine, kwa sababu ndiyo lugha tuliyozungumza mimi na wewe bila kugombana, na kwa sababu kosa langu nililifanya kwa mashine.

Juzi ulipokuwa ukipanga maboksi uliniambia, "Baba, studio ya Nakuru ikisimama, kazi ya kwanza ni kanda za mama. Nitazisafisha zote, nizitie kwenye kompyuta, watu wamsikie siku ya hitima ya mwaka." Nikakujibu, "Vyema." Kisha nikaenda uani nikashika ukuta, nawe ukadhani ni kikohozi. Hakikuwa kikohozi. Katika lile boksi la kanda zake kuna rili moja ya utepe isiyoandikwa kitu ubavuni. Utaicheza, kwa sababu wewe huachi kitu bila kukisikiliza. Na una masikio, Tima. Masikio hayo nimekupa mimi, na sasa nayaogopa.

Unakumbuka uliponiuliza, ungali msichana wa shule, kwa nini katika kanda za zamani mtu husikika akisema kabla hajasema? Sauti ndogo, ya mbali, inatangulia, kisha ndipo sauti yenyewe. Uliogopa ukakataa kuvaa hedifoni siku nzima. Nilikueleza kwamba utepe ukikaa umezungushwa, tabaka moja hulala juu ya jingine, na sumaku ya neno moja hupenya ikaacha alama kwenye tabaka la jirani. Joto likizidi, alama huzidi. Nikakwambia ndiyo sababu tunaiweka rili ikiwa imeishia mwisho wake, bila kuirudisha mwanzo, ili mwangwi uje baada ya neno, pale sikio linapoutarajia. Maelezo yangu yalikuwa ya kweli. Nilichokuficha ni kwamba nilijifunza jambo hilo siku niliposikia neno nililokwisha kulikata.

Nianze mbali kidogo.

Nilipokuwa mwalimu kijana hapa Likoni, nilinunua mashine yangu ya kwanza kwa mwanamuziki mmoja wa Changamwe aliyekuwa akihama. Nilikwenda peke yangu, nimevaa shati la kazini, nina haraka. Nilifika nikaikuta imeshawashwa, taa zake za kijani zinacheza, rili zinazunguka taratibu kama zinanikaribisha. Sikuigusa hata kidogo. Nilipofika nayo nyumbani ikapoa, siku ya pili haikutaka kuzunguka. Fundi mmoja mzee aliifungua akacheka. "Mwalimu, hii mashine huamka kwa shida. Mwenyewe aliipasha moto tangu asubuhi ukija uikute imechangamka."

Basi ukienda kununua, Tima, ukaikuta mashine ina joto, iombe ipoe kwanza. Kaa unywe chai na mwenyewe, hata kama ana haraka. Mashine baridi haijui kudanganya. Sikiliza mota kabla ya kusikiliza muziki. Pitisha ukucha juu ya hedi, kile chuma kinachosoma utepe, ukihisi mfereji ujue utepe umekwisha kuila. Bonyeza kile kigurudumu cha mpira, kikiwa kigumu kama jiwe au laini kama lami, vyote ni ugonjwa. Inuse. Upepo wetu wa chumvi huila chuma kutoka ndani, na mashine iliyoliwa na chumvi huwa na harufu ya sarafu iliyoshikwa na mkono wenye jasho. Haya unayajua. Nayaandika kwa sababu nachelea kufika ninapokwenda.

Mashine ile ilipotengenezwa nikafungua chumba cha kurekodi, chumba hiki hiki nilichoketi. Nilibandika trei za mayai ukutani na magunia mlangoni. Walikuja watu wa kasida na watu wa harusi, lakini waliokuja zaidi walikuwa wake za watu. Waume zao walikuwa Arabuni wakifanya kazi, simu zilikuwa za taabu, na wengi hawakuona raha kumwandikisha mtu barua ya ndani ya nyumba yao. Kwa hiyo waliketi mbele ya maikrofoni wakasema yao, mimi nikawatilia kwenye kanda ndogo, wakampa msafiri. Na waume nao walijibu vivyo hivyo, kwa kanda.

Mama yako alikuja na bibi yako, ambaye hukuwahi kumwona. Bibi aliketi kwenye kiti kile cha plastiki akiwa amejifunika vizuri, akinitazama kama mwizi. Riziki akaanza kumsalimu mumewe, kwa upole, kwa utaratibu, habari za wazima na za wagonjwa. Hajafika popote bibi akadakia.

"Mwambie alete kitenge. Kitenge cha maana, si kile cha kufutia meza alicholeta mwaka jana."

"Mama! Yarekodi hii!"

"Nayo irekodi. Kwani mimi nimenong'ona?"

Nilicheka nikasahau kusimamisha utepe. Riziki naye akacheka. Nikauliza kama anataka nifute tuanze upya, akasema, "Wacha hivyo hivyo, Mwalimu. Atajua kwamba nyumbani ni salama."

Alikuja hivyo mara nyingi. Mimi nilikuwa upande wangu na hedifoni masikioni, yeye upande wake, na kati yetu waya. Hebu fikiri, mwanangu. Mwanamke anamwambia mumewe maneno ya mke, na kila neno linapita kwanza ndani ya kichwa cha mwanamume mwingine. Nilimjua anavyomeza mate kabla ya kusema uongo mdogo wa kumtuliza mtu. Nilijua sauti yake ya asubuhi na ya mchana. Sikumgusa, wallahi, sikumwambia neno la nje ya kazi. Lakini kufikia wakati fulani nilianza kumchukia Salim kwa kuwa maneno yale yalikuwa yake, na mimi nilikuwa bomba tu yanamopita.

Tahadhari na hilo. Ukifungua studio utakuwa masikioni mwa watu. Watakusahau, watasema mbele yako mambo wasiyoyasema mbele ya mama zao. Usidhani wanakwambia wewe.

Siku moja alikuja na bibi mbio mbio, ameshika kanda ndogo, utepe wake umetoka nje umejikunja kama uzi wa sweta lililofumuka.

"Mwalimu, redio ya kaka imeila. Sijasikia hata salamu."

"Ya Salim?"

"Ya Salim. Tafadhali. Msafiri ataka kurudi, nami nimjibu."

Nikamwambia aiache. Niliinyoosha, nikaifungua, nikaitia kwenye ganda jipya, kisha nikainakili kwenye rili kubwa kama nilivyofanya siku zote kanda ikiwa mahututi, ili ikikatika tena kuwe na akiba. Huwezi kunakili bila kusikia. Nikasikia yote.

Salim alisema maneno mengi ya kawaida. Katikati akasema, "Mimi siwezi tena kuishi hivi." Akavuta pumzi. Alikuwa na desturi ya kuvuta pumzi ndefu, ya sauti, kabla ya kusema jambo zito, mpaka sindano ya mashine ikitikisika. Kisha akasema maneno yaliyo kwenye kipande. Kisha akasema, "Nimekuacha." Na baada yake kimya, halafu salamu za kumaliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Riziki alirudi kuuliza, nikamwambia bado. Akarudi tena, nikamwambia utepe umeharibika sana, nahitaji muda. Rili ilikuwa imekaa pale juu ya kabati, chini ya bati, na ulikuwa msimu wa joto kali, chumba kinachemka. Nilikuwa najiambia sijaamua kitu. Nilikuwa nimeamua tangu niliposikia mara ya kwanza. Nilichokuwa nikitafuta ni namna ya kuamua bila kujiona.

Nilifanya kazi hiyo asubuhi, watu wakiwa makazini. Unajua inavyofanyika. Unazungusha rili kwa mkono, mbele na nyuma, neno linapita polepole juu ya hedi likilia kama ng'ombe aliyebanwa, mpaka unapata pale linapoanzia. Unatia alama kwa kalamu ya nta. Unalaza utepe kwenye kile chuma chenye mfereji, unakata kwa mshazari, unaunga. Sikuwahi kuunga vizuri kuliko siku ile. Nilisikiliza sikusikia mgongano wowote. "Mimi siwezi tena kuishi hivi. Nimekuacha." Nikanakili kwenye kanda ile ile ndogo, juu ya maneno ya asili, nikampelekea kwao mwenyewe.

Walikuwa wameketi ukumbini, mjomba wake amekuja, na mzee mmoja wa msikitini aliyekuwa akiheshimiwa. Mjomba akaitia redioni. Lilipofika neno lile, mama yako alicheka. Nisikie vizuri: alicheka, kama mtu aliyefanyiwa mzaha.

"Irudishe nyuma," akasema.

Ikarudishwa. Akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Irudishe tena."

"Riziki, mwanangu, inatosha," mjomba akasema.

"Hakuvuta pumzi," akasema mama yako. "Salim hawezi kusema jambo kama hilo asivute pumzi. Mjomba, sikiliza. Hakuvuta."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kwa mikono yangu mizuri nilikuwa nimeikata na pumzi yake. Bibi yako akamwambia, "Mtu akishaamua kuacha, pumzi ya nini?" Yule mzee akauliza kama hiyo ni sauti ya Salim, wote wakasema ndiyo, ni yake. Na ilikuwa yake. Akasema basi, hesabu ya eda ianze leo. Riziki akanitazama mimi, si kwa kunishuku. Alinitazama kama mtu wa kazi hii, akitaka nimwambie kuna hitilafu. Neno moja tu kutoka kwangu lingemtosha. Nikasema, "Mashine haina kosa, dada. Pole."

Ndiyo maana nilikuwa nikikukaripia kila ulipokata maneno ya mtu ukabana sana. Nilisema, acha pumzi, mtu asiyevuta pumzi si mtu. Ulidhani nazungumzia ufundi.

Eda ikaisha. Nikapeleka posa. Bibi alinikubali haraka. Mwalimu, mtu wa hapa hapa, kitenge hakitapita baharini. Mama yako alichukua muda mrefu, kisha akakubali. Alikuwa mke mwema kwangu, na sikuwahi kumwona akinidharau. Miaka ikapita hatukupata mtoto, na kila mwezi nilijua kwa nini, ingawa daktari alitaja sababu nyingine. Ulipokuja, tukiwa tumeshanyamaza kuliombea jambo hilo, kila mtu alifurahi. Mimi nilikushika nikaogopa, nikawa nasubiri uchukuliwe. Ulipougua malaria ya kwanza niliitoa mashine uani ili niichome moto pamoja na kile kipande. Mama yako alinipokonya kiberiti. "Mashine imekosa nini?" Ukapona, nikairudisha ndani.

Utauliza kwa nini sikukifuta. Kufuta ni rahisi, ni kifaa kile cha sumaku tu, nawe unajua: unakiwasha kikiwa mbali, unakisogeza taratibu, unakiondoa taratibu. Nilikishika mara kadhaa. Lakini nilijiambia, madhali kipo, ninaweza kukirudisha. Kwa wazo hilo nimelala usingizi wangu wote. Mtu anayetunza uwezo wa kutubu anaweza kuutunza maisha yake yote bila kuutumia.

Na rili yenyewe sikuitupa. Miaka baada ya hapo niliisikiliza nikiwa peke yangu, kujiridhisha kwamba nilifanya kazi safi. "Nimekuacha," akasema Salim. Halafu katika kile kimya kinachofuata, kwa mbali sana, kama mtu anasema nyuma ya ukuta, nikayasikia maneno niliyoyakata. Lile juma la joto chini ya bati lilikuwa limeyachapa kwenye tabaka la jirani kabla sijaleta wembe. Nilikata utepe, lakini tabaka lililolala juu yake lilikuwa limeshasikia. Nilivua hedifoni. Tangu siku hiyo, Tima, nimekuwa nikiyasikia hata mashine ikiwa imezimwa.

Mama yako alipokuwa akiugua aliomba kusikia sauti za zamani. Nilikuwa nimechoka, macho hayaoni, nikapakia rili nikidhani ni ya harusi ya binamu yako. Nilikwenda kumchemshia maji. Niliporudi amekaa wima kitandani, yeye aliyekuwa hawezi kukaa, ameshika hedifoni kwa mikono miwili.

"Kuna mtu asema kwa nyuma," akaniambia.

"Ni ukuukuu wa utepe. Huwa hivyo."

"Asema baada ya mwenyewe kunyamaza?"

"Huwa hivyo, Riziki."

Kisha akavua hedifoni akaniwekea mapajani, kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. "Izime, Mwalimu," akasema. Tangu ulipozaliwa alikuwa akiniita Baba Tima. Hakuomba kanda tena, wala hakuuliza kitu. Sijui alisikia nini. Wewe ulikuwepo alipokata roho, ukaona alivyougeuzia ukuta uso. Ulisema ni maumivu. Inshallah yalikuwa maumivu.

Sasa nakuja kwenye jambo la pili.

Unakumbuka safari yetu ya Jomvu Kuu. Ulikuwa umepata habari kwamba kuna mzee anauza mashine ya aina moja na yetu, ukataka ipatikane ya vipuri. Nilisema huendi peke yako, nisije nikakuacha uuziwe iliyopashwa moto. Tulipanda gari la binamu yako. Ulinishika mkono kwenye kile kichochoro kinachoshuka kwa upande wa mkono wa bahari, tukafika mlangoni, ukapiga hodi. Ndani mtu akavuta pumzi ndefu, ya sauti, kisha akasema, "Karibuni, karibuni ndani."

Nilikwambia kifua kimenibana, nirudi garini. Ulikasirika kidogo, ukanirudisha, ukaenda peke yako. Nilikaa pale nimejifunika uso kwa kofia. Ulipotoka, yule mzee alikuwa amekushikia mashine upande mmoja, mwembamba, amevaa kikoi, mguu mmoja anauburuta. Alikuja mpaka dirishani. Akasema, "Pole na kifua, mzee mwenzangu. Binti yako ameniuliza maswali ya kifundi mpaka nikaona haya. Amesikiliza mota kwanza! Nani kamfundisha?" Ukamwambia, "Ni yeye baba." Akasema, "Fundi hasa." Mimi nilijifanya nimelala.

Njiani ulikuwa na furaha. Ulinieleza kwamba mashine ilikuwa baridi kabisa, kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyetaka uijaribu kabla ya kuichukua, na hana rili nyingine ila moja, aliyonakilia kanda yake ya zamani, akaitia hiyo. "Kuna mwanamke anamsalimu mumewe, Baba, sauti nzuri, ya zamani zamani. Halafu kuna bibi mmoja anadakia anataka aletewe kitenge! Nilicheka mpaka mzee naye akacheka. Kisha akaizima. Akasema hiyo haiuzwi."

Hukuijua sauti ile. Ulizaliwa ikiwa imeshachoka.

Kesho dereva atapitia Dongo Kundu, atatokea Miritini. Njia ya Jomvu Kuu iko hapo karibu. Sikuambii ushuke, wala sikuambii upite. Nimeamulia watu kutosha. Barua hii nitakupa mkononi ukiwa umeshakaa ndani ya gari, kwa sababu sina moyo wa kukutazama ukisoma. Na ukipata habari yangu ukiwa njiani, endelea na safari. Watu wa kunibeba wapo.

Lakini ukitaka kuicheza ile rili, ujue imeanza kunata. Ukiizungusha hivi hivi, itaacha unga wa kahawia kwenye hedi, na maneno yatatoka pamoja na unga. Ioke kwanza kwa joto la chini kama nilivyokuonyesha, na uwe tayari kurekodi mara ya kwanza, maana ya pili huenda isiwepo. Kile kipande ukiunge pale penye alama ya nta ya manjano. Kitaingia sawasawa. Nimekipima.

Na usione doa lolote kwako. Mama yako aliolewa nami kwa nia safi, akaingia nyumba hii akiamini yu huru. Hakuna alilojua. Salim naye, alipopata habari kwamba Riziki amekaa eda na kuolewa, aliamini kuwa amejibiwa. Kila mmoja alikuwa na kisa chake kimekamilika, hakuna aliyekuwa na la kumuuliza mwenzake. Ndivyo uongo wangu ulivyodumu. Ulikuwa umeungwa vizuri.

Maneno yaliyo kwenye kipande ni haya. Nayaandika kama alivyoyasema, na mbele yake kuna pumzi:

"Riziki, nimepata nyumba huku, ina chumba cha mama pia. Nauli ya nyote wawili nimempa aliyekuletea kanda hii. Njoo. Ukikubali mwambie yeye, atakuja nawe. Ila ukikataa kunifuata, basi…"

Hapo ndipo nilipotia wembe. Angeachwa iwapo angekataa, na hakukataa, kwa sababu hakuulizwa. Yule msafiri alingoja jibu siku mbili tatu, alipokuja kulichukua nikamwambia mimi, mlangoni pa chumba hiki, kwamba bibie hana jibu.

Salim hakumwacha mama yako. Siku tuliyomzika nilisimama mbele ya watu nikipewa mkono wa pole kama mume, na mumewe alikuwa Jomvu Kuu, yu hai, hana habari.

Baba yako